Nairobi hadi Lagos: masaa matatu, matano au saba?

«Shikamoo mtaalamu. Nina duka la vitambaa hapa Mombasa, na mwezi ujao, inshallah, naenda Lagos kwa mara ya kwanza kutafuta vitambaa vya ankara na lesi soko la Balogun. Tiketi imenichanganya. Kwenda: natoka Nairobi 07:00, nafika Lagos 10:15. Hayo ni masaa matatu na robo. Kurudi: natoka Lagos 11:45, nafika Nairobi 19:10. Masaa saba na dakika ishirini na tano! Kwenye mtandao nimeona ni kilomita 3,830, masaa manne na nusu. Kaka yangu anasema ukienda magharibi dunia huzunguka ikaja kuipokea ndege, ndiyo maana kwenda ni upesi. Kuna na tiketi ya kupitia Addis Ababa, bei yake nafuu, lakini imeandikwa masaa tisa na dakika arobaini. Mimi nina presha, na nikikaa sana miguu huvimba. Nataka kujua ukweli: nitakaa kitini masaa mangapi?»

Marahaba, dada yangu. Nikutoe wasiwasi kwanza, maelezo yaje baadaye. Ndege hiyo itatumia masaa 5 na robo kwenda, na masaa 5 na dakika 25 kurudi. Ongeza ile nusu saa na ushei ya kukaa ukisubiri wenzio wapande, mabegi yapangwe, mlango ufungwe. Hesabu masaa 6 kitini kila upande, na tarakimu hiyo ndiyo utakayompelekea daktari wako. La daktari nitalirudia.

Tiketi haijakosea. Tovuti imesema nusu ya ukweli. Kaka yako amepotea, ila amepotelea mtaa wa jirani.

Kiswahili chetu nacho kina hila yake hapa. Ukisema «safari ya saa tano», mmoja ataelewa inaanza saa tano asubuhi, mwingine ataelewa inachukua muda huo. Wasanifu wa lugha wataninyooshea kidole, lakini katika jibu hili nitasema «masaa» nikipima muda, na «saa» nikitaja wakati.

Tiketi ya ndege hubeba saa mbili za ukutani. Wakati wa kuondoka huandikwa kwa saa ya mji unaotoka, na wakati wa kufika huandikwa kwa saa ya mji unaokwenda. Ndivyo yanavyofanya mashirika yote, na sababu ni nzuri tu: anayekuja kukupokea Lagos anatazama saa ya Lagos. Nairobi, sawa na Mombasa, Dar na Kampala, iko masaa 3 mbele ya ile saa ya dunia inayoanzia Greenwich, Uingereza. Lagos iko mbele lisaa limoja tu. Tofauti yenu ni masaa 2, mwaka mzima, kwa kuwa Kenya na Nigeria hazisogezi saa zao majira yakibadilika kama wanavyofanya Ulaya.

Basi 10:15 ya Lagos, saa nne na robo asubuhi, kwako Mombasa ni saa sita na robo mchana. Umeondoka saa moja asubuhi. Hapo ni masaa 5 na robo. Kurudi, 11:45 ya Lagos ni saa nane kasorobo mchana Nairobi, na unafika saa moja na dakika kumi usiku. Masaa 5 na dakika 25.

Nikupe na ujanja ambao sisi tuliokaa meza ya kupanga safari za ndege tunautumia bila hata kufikiri. Jumlisha muda unaouona kwenye tiketi ya kwenda na ule wa kurudi, halafu gawanya kwa mbili. 3:15 na 7:25 ni 10:40. Nusu yake ni 5:20. Masaa mawili uliyozawadiwa ukienda ndiyo yale yale unayonyang'anywa ukirudi, yanafutana yenyewe. Hesabu hii itakufaa Nairobi na Kinshasa, Dar na Johannesburg, hata mji ambao hujui saa zake, mradi ndege zote mbili ziwe za moja kwa moja.

Masaa hayo mawili si amri ya serikali tu, yametoka kwenye jua. Dunia hugeuka digrii 15 kila lisaa. Kati ya Nairobi na Lagos pana digrii 33 na nusu za longitudo, kwa hiyo jua likishafika utosini Nairobi, Lagos hulisubiri masaa 2 na karibu robo. Serikali hazipendi robo robo, zikakata masaa 2 kamili.

Sasa kaka yako. Ni kweli dunia inazunguka, na hapa ikweta inakwenda mbio haswa: kama kilomita 1,670 kwa lisaa, kuelekea mashariki. Lakini haizunguki peke yake ikaiacha hewa nyuma. Ingekuwa hivyo, pale Lighthouse, ufukweni Mombasa, mnapokwenda kupunga upepo jioni pangepigwa na tufani la kilomita 1,670 kwa lisaa mchana kutwa, na mwembe usingesimama. Hewa huzunguka pamoja na ardhi, na ndege huogelea ndani ya hewa hiyo. Mfikirie nzi ndani ya basi la Mombasa kwenda Nairobi. Akiruka kutoka kiti cha nyuma kwenda kwa dereva, au kutoka kwa dereva kurudi nyuma, juhudi yake ni ile ile, basi halimkimbii. Tena ndege yako inakwenda kama kilomita 830 kwa lisaa tu. Lau mzunguko ungehesabika, ukitoka Lagos kuja Nairobi usingeikuta Nairobi kamwe, ingekuwa inakukimbia kwa mwendo maradufu.

Nimesema amepotelea mtaa wa jirani kwa sababu kwenye njia hii kwenda magharibi ni upesi kidogo kweli, na sababu ni upepo. Si kaskazi wala kusi mnazozijua pwani. Hizo ni za huku chini. Kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12, juu ya Afrika ya ikweta, upepo kwa kawaida hutoka mashariki, nao si mkali. Kati ya Juni na Septemba huongezeka nguvu, hasa ukipanda kaskazini kidogo ya ikweta, kwani wakati huo kuna mkondo wa upepo wa juu unaoanzia upande wa Bara Hindi na kuvuka hadi Afrika. Upepo wa kilomita 20 kwa lisaa ukikusukuma mgongoni ukienda na kukupiga usoni ukirudi, tofauti ya safari mbili inakuwa kama robo saa. Zile dakika 10 ulizoziona kwenye tiketi ndizo hizo.

Na kama kaka bado anabisha, mwambie atazame London na New York. Kule upepo wa juu hutoka magharibi, na ni mkali. Kwenda New York, yaani magharibi, huchukua kama masaa 8, na kurudi kama 7. Kama dunia ndiyo ingekuwa inazipokea ndege, mambo yangekuwa kinyume.

Tuje kwenye zile kilomita 3,830. Ni sahihi. Ni urefu wa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kupita juu ya mgongo wa dunia kati ya viwanja hivyo viwili. Wewe ni mtu wa vitambaa, utanielewa haraka: kitambaa kilichotandazwa mezani si sawa na kilichovaa mwili. Ramani ni kitambaa cha mezani, dunia ni mwili. Kuna safari ambazo mstari mnyoofu wa kwenye ramani hukudanganya vibaya, hasa huko karibu na ncha za dunia. Hii yako haina tatizo hilo, kwa vile Nairobi iko digrii 1 kusini ya ikweta na Lagos iko digrii 6 na nusu kaskazini, na huku katikati ramani haipindi sana.

Kwa barabara hesabu nyingine kabisa. Ile njia kuu ya Lagos hadi Mombasa iliyochorwa kwenye mpango wa barabara za kuvuka Afrika ina kilomita zaidi ya 6,200, na ndani ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati kuna vipande ambavyo barabara ni jina tu.

Tovuti yako ilichofanya ni kugawa 3,830 kwa mwendo wa 850. Jibu ni masaa 4 na nusu, hesabu safi ya darasani. Shida ni kwamba ndege haiamki Nairobi ikiwa tayari inakwenda 850. Sisi huanza kuhesabu pale zile kabari zinapotolewa magurudumuni na ndege ikasukumwa kinyumenyume, na hatumalizi kuhesabu mpaka magurudumu yawekewe kabari upande wa pili. Asubuhi pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, foleni ya kuelekea njia ya kurukia inaweza kula dakika 15. Kupanda hadi kimo cha safari na kushuka tena, kote huko ukienda polepole, weka dakika 15 nyingine juu ya hesabu ya darasani. Kule Lagos, dakika 5 za kutambaa hadi mlangoni. Na njia yenyewe haiendi kama uzi ulionyooshwa, kwa sababu ndege hupita kwenye njia zilizopangwa angani na kupokezana waongozaji wa nchi moja baada ya nyingine: Kenya, Uganda, Kongo na wenzao, hadi Nigeria. Hapo weka dakika 10. Jumlisha zote na yale masaa 4 na nusu, utapata masaa 5 na robo yako.

Kuna siku huzidi. Msitu wa Kongo ni kiwanda cha radi. Mawingu yake alasiri hupanda kilomita 15 na zaidi, na ndege inayokaa kwenye kilomita 11 haiwezi kuyaruka, inayazunguka. Nimeshapanga safari za njia hii ambazo rubani aliomba kwenda kando kilomita 80, akarudi kwenye mstari, akaomba tena. Dakika 10 hizo, au 20, na chai inamwagika kidogo. Usiogope ukiona ndege inapinda hewani bila sababu. Sababu ipo mbele yake, inaonekana kwenye rada ya rubani. Na kama «mwezi ujao» wako unaangukia kati ya Desemba na Februari, ujue Lagos kuna harmatani, vumbi la Sahara linaloletwa na upepo wa kaskazini-mashariki. Likishuka zito uwanja hauonekani vizuri, na ndege huchelewa au kupelekwa kutua mji wa jirani mpaka litawanyike. Mafuta ya kufanya hivyo hubebwa tangu Nairobi, ni sharti.

Ile tiketi ya Addis sasa. Addis Ababa iko kaskazini ya Nairobi, kilomita 1,160 hivi, na kutoka huko hadi Lagos ni kama 3,920. Jumla ni karibu 5,080: unaongeza kilomita 1,250 kwa sababu unaanza kwa kwenda upande usio wako. Katika yale masaa 9 na dakika 40, kama 7 na nusu ni ya ndege na yaliyobaki ni ya kusubiri. Kupitia Kigali, kwa kulinganisha, ni kilomita 3,880 tu, kwa kuwa Kigali iko karibu njiani kabisa; unaongeza 50. Lakini usidhani muda nao utaongezeka kwa dakika 4. Kushuka, kusubiri, kupanda tena, vyote vina gharama ambayo kilomita haziionyeshi.

Kwa mtu mwenye miguu kama yako, tiketi ya kituo cha kati si mbaya moja kwa moja. Kipande kirefu cha Addis hadi Lagos bado ni masaa 5 na kitu, kwa hiyo hujaukwepa ule mkao mrefu, ila kabla yake umetembea uwanjani masaa mawili. Mimi ningekuwa wewe, nikiwa na siku nne au tano tu za soko, ningelipa ya moja kwa moja. Tofauti ya bei ikiwa inatosha kukununulia robota zima la ankara, basi pitia Addis bila hofu, kwa sharti moja: safari yote iwe kwenye tiketi moja. Usije ukanunua Nairobi–Addis kivyake na Addis–Lagos kivyake ili kuokoa shilingi. Ndege ya kwanza ikichelewa, ile ya pili haikujui.

Kuhusu presha na miguu, mimi si daktari. Ninachojua ni kile kilichoandikwa kwa ajili ya wasafiri wote: Shirika la Afya Duniani lilipochunguza jambo hili lilikuta kwamba kukaa bila kujongea kwa zaidi ya masaa 4, iwe ndege, basi au treni, huongeza maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, ingawa kwa mtu mzima wa afya uwezekano wenyewe ni mdogo, kama mmoja kati ya 6,000. Wewe una presha na uvimbe, kwa hiyo usijipime kwa kipimo cha mtu mwingine. Nenda ukaonane na daktari wako ana kwa ana wiki mbili au tatu kabla, umwambie «masaa 6 kitini, mara mbili», umuulize kama utahitaji soksi za kubana. Asikuuzie mtu soksi hizo bila kukupima mguu. Chukua kiti cha upande wa njia, simama utembee kila lisaa, kunywa maji, chezesha vifundo. Na ukishafika au ukisharudi, mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake na kuuma, au kifua kikabana, usisubiri kesho. Hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa za presha ndizo zinazowachanganya wengi. Ukizoea kumeza saa mbili asubuhi Mombasa, Lagos wakati huo ni 06:00, saa kumi na mbili asubuhi. Kwa safari fupi wengi huacha saa ya mkononi isome Nairobi na kumeza kwa saa hiyo, simu isome Lagos. Daktari akiridhia, ni njia rahisi. Na dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiende na sanduku.

Jambo moja tiketi yako haina, lakini nyingi za usiku zinalo, na limeshaliza watu. Tarakimu 01:20 si saa moja na dakika ishirini. Ni saa saba na dakika ishirini usiku, na tarehe imeshageuka. Sisi kwa mapokeo yetu siku huanza jua likizama, «usiku wa kuamkia Jumamosi» tunaujua, lakini tiketi hugeuza tarehe usiku wa manane. Mzee mmoja wa Lamu alikuwa anakwenda harusini Muscat. Tiketi imeandikwa tarehe 15, 01:20. Akafika uwanjani tarehe 15 usiku, kanzu imepigwa pasi, halua ya zawadi mkononi, ndege imeondoka tangu usiku uliopita. Nilikuwa zamu. Halua tuliila sisi, kwa kilio. Ile tiketi ya Addis ukiinunua, angalia kwanza kama inaondoka baada ya usiku wa manane.

Homa ya manjano: kachanjwe mapema, angalau siku 10 kabla, ndipo cheti kinapoanza kuhesabika, na sasa kinadumu maisha. Utaulizwa. Mambo ya viza yaulize ubalozi wa Nigeria wenyewe, na ushuru wa vitambaa vya biashara waulize watu wa forodha hapo Mombasa kabla hujanunua hata yadi moja. Watu huja na robota sita wakijifanya ni nguo za kuvaa. Afisa naye ana dada anayeshona.

Ukitua Lagos usiseme umefika. Uwanja uko Ikeja, Balogun iko kisiwani, kilomita ishirini na kitu, na foleni ya magari inaweza kukula masaa mawili. Treni yako ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi hukaa njiani masaa 5 hivi kwa kilomita 480. Ndege itakupeleka mara nane ya umbali huo kwa muda ule ule, halafu gari likuweke darajani ukitazama maji.

Kwa kuwa unatakiwa uwanjani saa kumi alfajiri, njoo Nairobi siku moja kabla. Usipange kushuka treni ya usiku na kukimbilia ndege. Kurudi vilevile: saa moja na dakika kumi ni magurudumu kugusa kabari, bado uhamiaji, mizigo na forodha. Lala Nairobi, kisha panda ile treni ya asubuhi inayosimama kila kituo. Ni ya polepole, lakini una nafasi ya kuinuka na kunyoosha miguu.